Neno la Shangazi na Mji wa Mahindi

Hallonbergen, Stockholm
Jumapili asubuhi

Kwa wifi yangu Bi Rukia,

Assalaam aleikum, na shikamoo. Naomba barua hii ikukute umeketi, na mguu wa kushoto umeupandisha juu ya kigoda kama daktari alivyoagiza, ingawa nakujua. Magoti yanasemaje? Dawa ya presha unameza kila siku, au siku ile tu unayoona kizunguzungu? Na michungwa mwaka huu imezaa, au Muheza nzima mnatazamana? Sisi huku ni wazima wa mwili. Theluji imekwisha, watu wamevua makoti yao, mimi bado nimevaa mawili.

Utashangaa kupata barua ya karatasi siku hizi. Nimeiogopa simu. Simu yako hukaa barazani, imewekwa spika, nami nikisema moja jirani yako Mama Zuhura anajibu mawili kabla hujafungua mdomo. Ujumbe wa sauti nao ungefika kwenye kundi la ukoo kabla hujamaliza kuusikiliza. Kwa hiyo nitampa Bwana Athumani, fundi umeme wetu huku, anayesafiri Alhamisi kwenda kwao Tanga. Ameahidi kuteremka Muheza Jumamosi akukabidhi mkononi. Wewe ni mwalimu mstaafu, soma mwenyewe kwa miwani yako, na hiyo kalamu nyekundu iache mahali pake.

Wifi, nilikudanganya. Yale uliyomwambia Salha jana kwenye simu, ukamkataza kwenda kusoma Amerika, niliyatunga mimi. Naandika nikuombe uyaondoe kabla ya Jumatatu ya wiki ijayo. Siku hiyo chuo kinataka jibu. Asipojibu, nafasi yake na ufadhili wake vinakwenda kwa mwingine.

Unakumbuka nilivyokupigia Alhamisi nikilia. Nikasema mji ule hauna hata pa kuswalia, wavulana na wasichana wanalala korido moja na milango haina funguo, walimu wanalewa pamoja na wanafunzi wao, na dirisha la chumba atakachopewa linatazama makaburini. Hilo la makaburi tu ndilo kweli. Nilijua Salha atakupigia Jumamosi kuomba ruhusa, nikawahi. Hapa Uswidi msichana wa miaka kumi na minane ni mtu mzima, hata barua zake siruhusiwi kufungua. Lakini marehemu kaka yako Bakari alimfundisha tangu mdogo kwamba baba asipokuwepo, shangazi ndiye baba. Angeweza kukata tiketi akaenda zake. Yeye akachukua simu kuomba ruhusa, nami nikaichukua adabu hiyohiyo nikamfunga nayo mikono.

Sasa nikwambie ukweli wa mji wenyewe, maana nimeuona. Chuo kilitualika wiki tatu zilizopita, tukakaa siku nne. Ni mji mdogo wa Iowa, huko katikati ya Amerika. Chuo kimekaa katikati, nyumba za mbao zimekizunguka, na pale barabara ya mwisho inapoishia ndipo mashamba ya mahindi yanapoanza. Nilikwenda nikitafuta kasoro kama anayechambua mchele wa wageni.

Asubuhi ya kwanza nikatoka peke yangu kununua mkate. Wifi, kabla sijafika dukani nilikuwa nimesalimiwa mara nne. Mzee mwenye mbwa akaniuliza nimeamkaje. Msichana juu ya baiskeli akainua mkono. Mwenye duka akauliza natoka wapi, nikamwambia, akauliza Tanga kunalimwa nini! Mimi nimeishi kwenye jengo hili miaka kumi na moja, na bwana wa mlango unaonitazama huchungulia kwenye tundu, akisikia viatu vyangu anangoja nishuke kwanza ndipo atoke. Si mtu mbaya. Ndivyo walivyo, wanaona kumwacha mtu na nafasi yake ndiyo heshima. Ila pale barabarani Iowa, na mkate mkononi, nilikasirika. Nilikasirika kwa kuwa nilifurahi.

Kuna bibi mmoja, Donna, alituita barazani kwake kwa sababu tu tulisimama kutazama maua yake. Akatukatia mkate wa ndizi, mtamu kuliko wangu, na hilo usimwambie mtu. Alisema miaka yote hupangisha watoto wa watu kwenye vyumba vyake vya nyuma, wakija wembamba na waoga, wakiondoka wamenenepa. Maktaba yao haina mlinzi, nimemwona mkulima mwenye matope kwenye buti akisoma gazeti meza moja na profesa. Kwenye njia panda hakuna taa. Magari manne yanafika, kila dereva anampungia mwenzake, tangulia wewe, hapana tangulia wewe, kama wageni wa Muheza mlangoni pa shughuli. Salha alicheka mpaka akashika tumbo. Tangu msiba sikuwa nimemsikia akicheka hivyo.

Na pa kuswalia papo, Wifi. Ni nyumba ya kawaida, chini kumetandikwa mazulia, Ijumaa wanajaa Wamisri na Wamalesia na Msomali mmoja anayefuga kuku. Wakatulisha. Mwalimu atakayemfundisha Salha alikuwa anamjua kwa jina kabla hatujajitambulisha, wakaketi kwenye majani kuzungumza habari za udongo, saa nzima, nami nimekaa pembeni nimeshika pochi yangu kama niko kituo cha polisi. Bweni la wasichana lina ufunguo, tena funguo mbili.

Tuliporudi, Salha akaandika kwa Kiswidi sababu zake za kuupenda mji ule, akabandika kwenye friji. Kila siku anaongeza. Wanasalimia. Mtu anafika kila mahali kwa miguu. Nyota zinaonekana. Mimi nikifungua friji kutoa maziwa nazisoma, na kila moja naijua kuwa kweli, na kila moja inanichoma.

Jana mlipomaliza kuzungumza alikuwa amesimama jikoni. Nilimsikia akisema, "Sawa, shangazi. Nimesikia." Akashukuru kwa adabu, akaulizia magoti yako. Kisha akabandua ile karatasi, akaikunja mara nne, akaiingiza mfukoni. Nikamuuliza shangazi amesemaje, mimi niliyekutungia maneno! Akanijibu kwa Kiswidi kwamba haendi, na kwamba chai imepoa. Hakulia. Angelia ningejua la kufanya.

Jioni ile alikuja Mama Furaha kunirudishia sufuria. Nimeshakwambia habari zake, ni Mkongomani wa Bukavu, mlokole, anakaa ghorofa ya chini yetu. Nikamsimulia yote nikidhani atanihurumia. Akaiweka sufuria chini.

"Non, Mama Salha. Mutoto anakuheshimia hivi, na weye unamutupia shangazi yake kama jibwe? Ile haiko muzuri hata kidogo."

Nikamwambia yeye haelewi, ana watoto wanne, mimi ninaye mmoja.

"Batoto bane nilibeba mu vita," akasema, naye Jumapili huiita siku ya mungu na Jumatatu kazi-moja. "Leo bote balienda. Mumoja iko Norvège, mwingine Canada. Nalia siku ya mungu, kazi-moja naenda kwa kazi. Nilikufa? Angalia vizuri. Nilikufa?"

Nikamwonyesha mlango, Wifi. Nikamfukuza rafiki yangu kwa kuniambia kweli, na sijamwomba radhi mpaka naandika hapa. Naweka kalamu, zamu yangu kwenye nyumba ya wazee inaanza.


Jumanne

Naendelea. Jana limetokea jambo, na sasa barua hii ina uzito mwingine.

Jengo letu lina chumba kimoja cha kufulia, na kila nyumba ina saa zake zilizoandikwa ukutani. Saa zako zikiisha unatoka, hata kama shuka zinachuruzika maji. Ukichelewa, kesho yake unakuta kikaratasi mlangoni chenye maneno ya adabu yanayouma kuliko matusi. Zetu jana zilikuwa mpaka saa kumi. Ilipobaki robo saa tulikuwa tunakunja shuka, mimi huku, yeye kule, tunakutana katikati, tunaachana, tunakutana tena. Kila tukikutana vidole vyangu vinagusa vyake, naye haniangalii.

Nikasema. Sijui nani alinisukuma. Nikasema, "Salha, yale maneno ya shangazi ni yangu mimi."

Akaendelea kukunja. "Najua, mama."

"Unajua?"

"Alisema dirisha linatazama makaburini. Mimi sikumwambia. Chumbani mle tuliingia mimi na wewe tu."

Nikamuuliza kwa nini basi alikubali, kwa nini hakukwambia palepale kwamba si kweli.

Akanitazama kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi. "Ningesemaje? Nimwambie shangazi kwamba mama yangu ni mwongo?"

Wifi, nimezaa mtoto aliyekuwa tayari kupoteza chuo chake ili mimi nisiaibike kwako. Nilikaa juu ya kapu la nguo. Mlangoni alikuwa ameshafika mwenye saa inayofuata, bwana mmoja mwenye ndevu, amekumbatia nguo zake na kuitazama saa ya ukutani, bado dakika tatu. Hakuelewa neno, lakini hakuondoka wala hakuingia.

"Wewe unataka nini?" Salha akaniuliza.

"Nataka ubaki."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Kwa sababu ungebaki," nikasema. "Na mimi ningejua kila siku kwamba ni mimi niliyekuzuia. Nilitaka azuie mtu mwingine."

Hapo ndipo tulipolia wote wawili, na yule bwana akageukia ukuta akasoma masharti ya chumba cha kufulia kwa bidii kama anayejiandaa na mtihani. Saa kumi kamili akakohoa. Tukabeba shuka zetu mbichi tukatoka.

Nimemwambia aende. Nimemwambia nyumbani, nimekaa, kwa sauti ya kawaida, na nikamwambia ninachokiogopa pia, maana nimechoka kuficha. Tangu Bakari atutoke, kila Ijumaa mimi na Salha tunapanda treni kwenda kaburini. Yeye anafagia majani, mimi nasoma dua. Nikifikiri nitakwenda peke yangu, nikarudi peke yangu, nikafungua mlango na nyumba iko kimya, pumzi inakatika. Ndipo nikamtishia kwa makaburi ya watu wengine. Nimeona haya kuandika hivi, lakini mficha uchi hazai.

Nilidhani baada ya hapo atarukaruka. Hakuruka. Amesema hawezi kwenda. Amesema baba hayupo, shangazi ameshatoa neno, naye hataondoka na neno hilo mgongoni. Nikamwambia neno lenyewe limejengwa juu ya uongo wangu. Akasema, basi shangazi alijue hilo, na aliseme mwenyewe. Hapo hanisikilizi. Kichwa kigumu hicho ni cha kwenu, kwetu hatuna.

Kwa hiyo, Wifi, yote yako mikononi mwako. Najua ulishasema kwamba neno la shangazi halirudi nyuma, na ulishawarudishia mahari watu wa Korogwe kwa ajili ya neno moja. Lakini wewe hukukosea. Ulihukumu kwa ushahidi ulioletewa, na shahidi alikuwa mwongo. Waambie ukoo hivyo, hata kwenye spika, hata Mama Zuhura akiwepo. Aibu ni yangu na nitaibeba nikija. Ukitaka kuninunia, ninunie, hata mwaka mzima. Ila mtoto usimcheleweshe. Barua ikifika Jumamosi, una Jumapili moja tu.

Nisalimie mama mkwe wangu, umwambie dua zake nazihisi. Msalimie shemeji yako mdogo na mkewe aliyejifungua, mtoto afunikwe vizuri na wasimpe maji bado. Msalimie mjomba wa Bakari anayelinda shamba la michungwa, na binti yako mkubwa anayefundisha Pongwe, nguo alizoagiza zimo katika begi la Athumani. Mama Furaha nampelekea mandazi leo jioni, akinifungia mlango nitakaa kwenye ngazi mpaka afungue.

Jumapili baada ya adhuhuri Salha atakuwa nyumbani, na simu itakuwa mezani. Mpigie yeye, si mimi. Lakini nakuomba, usimwambie kwamba nimeridhika na moyo wangu umetulia. Atajua kuwa ni uongo mwingine. Mwambie, "Mama yako analia, na anasema nenda."

Ni mimi mke wa kaka yako,
Mwanaidi, Mama Salha