Maboksi Matatu Yaliyofungwa kwa Kamba ya Mgomba

Kwa Mzee Omwenga,
S.L.P. 27,
Nyamira.

31 Machi 1974

Mpendwa Shangazi Bosibori,

Natumaini barua hii itawakuta wazima, wewe, Mjomba Walter na watoto. Je, kifua cha Esnah kimepona? Mama anasema mumpe maji ya moto yenye asali kabla ya kulala. Sisi huku hatujambo. Mvua imeanza, migomba iliyoangushwa na upepo imechipua tena, na ng'ombe wa Baba amezaa ndama jike.

Nimekusalimu kwanza kwa sababu ndivyo ulivyonifundisha. Sasa nitasema kweli: nimekukasirikia, Shangazi. Mara tatu nimeandika barua ya upole, na mara tatu nimeichana.

Naandika kwa Kiswahili, si kwa lugha yetu ya Ekegusii, ili Mjomba Walter asome mwenyewe bila wewe kumtafsiria. Yeye ni mtu wa stoo huko bandarini na ataelewa upesi.

Barua yako kwa Baba ilifika Jumanne, tarehe kumi na mbili. Unajua kwamba macho ya Baba hayaoni tena maandishi madogo, na unajua ni nani humsomea barua. Alikaa kwenye kiti chake. Mama aliacha kuchambua mboga za chinsaga akaja kusikiliza, maana barua yako huwa furaha hapa nyumbani. Nikasoma salamu. Nikageuza ukurasa. Kisha nikasoma kwa sauti yangu mwenyewe, mbele ya baba yangu na mama yangu: "Nimesikia Bochaberi ameiba pampu tatu za ushirika na zimekutwa chini ya kitanda chake. Mwambieni arudishe mali ya watu kabla jina letu halijaoza."

Ningeweza kuruka maneno hayo na Baba asingejua. Sikuruka hata moja. Nilisoma mpaka mwisho, nikakunja karatasi, nikaenda kuteka maji ingawa ndoo zote zilikuwa zimejaa.

Najua ni Nyangate aliyekuletea habari hiyo alipokuja kumwona mwanawe. Nyangate ni jirani tu. Hafanyi kazi stoo na hajawahi kuingia chumbani kwangu. Kitanda changu wewe umekilalia, unajua kilivyo chini. Hata kuku hupita chini yake akiwa ameinama. Pampu ya kunyunyizia kahawa dawa ina tangi kubwa la kubebwa mgongoni. Tatu zingeingiaje pale? Hukujiuliza, Shangazi?

Sasa sikiliza ilivyokuwa. Mlipokuja Desemba, nikiwa ndiyo nimemaliza Kidato cha Nne, nilimwambia Mjomba kwamba nimepata kazi ya karani katika stoo ya ushirika hapa Nyaramba, na kwamba ninaogopa. Alicheka, akachukua paketi ya viberiti pale jikoni. Akasema, "Hii ni paketi moja. Andika moja." Akaichana karatasi, viberiti kumi vikamwagika mezani. "Sasa paketi imekufa. Usiihesabu tena hata ukiifunga vizuri namna gani. Futa paketi moja kwenye kadi yake, fungua kadi ya viberiti, andika kumi. Usipofanya hivyo siku hiyohiyo, utalia." Maneno hayo niliyashika kama fungu la kukariri.

Januari yalikuja maboksi kumi na mawili ya pampu. Ndani ya kila boksi kuna tangi moja, mpira mmoja mrefu wa kupitishia dawa, fimbo moja ya shaba, vichwa viwili vya kurushia dawa na mikanda miwili ya mabegani. Nikaandika kwenye kadi: maboksi kumi na mawili. Mpaka hapo hapakuwa na shida.

Shida ni kwamba mipira ya pampu za zamani ilianza kupasuka, na mipira ya akiba haikuja. Ugonjwa wa kahawa haungoji. Mkulima mmoja alisimama mlangoni na mpira wake uliopasuka shingoni kama nyoka aliyekufa, akampigia kelele mwangalizi wa stoo, Bwana Jethro Machogu, ambaye pia ni mzee wa kanisa letu: "Jethro, kahawa yangu inakuwa nyeusi, nawe umeatamia maboksi kumi na mawili kama kuku! Yataanguliwa lini?"

Watu walicheka. Bwana Jethro alichukua kisu, akakata boksi, akatoa mpira, akamwuzia na kumwandikia risiti. Sikuona ubaya, na hata leo sioni. Wiki ile alifungua boksi la pili na la tatu, na baadaye akauza kichwa kimoja na mikanda miwili. Kila kitu alikiandikia risiti kwa mkono wake.

Mimi nilifanya kama nilivyofundishwa. Nikafuta maboksi matatu, yakabaki tisa. Nikafungua kadi tano mpya, ya matangi, ya mipira, ya fimbo, ya vichwa na ya mikanda. Nilizichorea mistari kwa rula. Nilijivunia kadi zile, Shangazi, usinicheke.

Bwana Jethro aliziona akasema, "Wewe msichana, kadi zako zimekuwa nyingi kuliko pampu zenyewe. Boksi ni boksi. Kamati ikija huhesabu maboksi, haihesabu mikanda. Wazee wale wakiona kadi tano watadhani tumewafungulia shule." Akaniamuru niandike tena kumi na mawili kwenye kadi ya kwanza, na hizo nyingine niwashie jiko la chai.

Nikaandika kumi na mawili. Hapa ndipo kosa langu lilipo, na sitalificha. Mkono ni wangu. Nilijua si kweli, lakini yeye ni mtu mzima, hutuombea kanisani, na mimi sauti yangu mbele ya wakubwa hupotea kabla ya kufika mdomoni. Lakini zile kadi tano sikuzichoma. Nilizitia katika kitabu changu cha nyimbo.

Yeye alichukua matangi, fimbo na vitu vilivyobaki akavitia katika magunia mawili nyuma ya mbolea. Maboksi matatu matupu akayafunga kwa kamba ya mgomba na kuyarudisha mwishoni mwa safu, ili safu isionekane pungufu. Mjomba, najua hapo umeshika kichwa.

Siku ya kuhesabu, mwenyekiti wa kamati, Mzee Obadiah, alihesabu maboksi akiwa mlangoni. Kumi na mawili. Kadi inasema kumi na mawili. Vizuri sana. Kisha akataka boksi moja limpandishe juu afikie dirisha, maana alitaka kulifungua apate hewa. Akavuta la mwisho kwa nguvu zote, akidhani ni zito, na boksi likaja kama karatasi. Mzee Obadiah akaanguka chali juu ya mbolea.

Hakuna aliyecheka. Walifungua, wakakuta hewa. Wakatafuta mengine yenye kamba ya mgomba, wakapata mawili. Akauliza, "Kadi hii ni mwandiko wa nani?" Nikasema, "Wangu." Akauliza, "Pampu ziko wapi?" Nikamtazama Bwana Jethro. Yeye alikuwa anatazama mabati. Nilingoja aseme neno moja tu, magunia, na mambo yangeisha pale pale. Alivuta pumzi akasema, "Watoto wa siku hizi, Mwenyekiti. Unawaamini, basi."

Ndiyo maneno yote aliyosema. Niliambiwa nikae nyumbani mpaka kamati ikutane. Sabato iliyofuata nikaambiwa nipumzike kidogo kufundisha watoto wadogo katika Shule ya Sabato. Kidogo hicho hakikutajwa urefu wake. Haya yote niliyavumilia kwa sababu nyumbani waliniamini. Baba alisema, "Binti yangu hajui kuiba, hata sukari huomba." Kisha ikaja barua yako.

Siku ya pili yake Baba alinunua kufuli. Ni dogo, la shaba, na amelitia kwenye kabati la sebuleni, lile ambalo mimi ndiye nilikuwa napanga vitu vyake. Ufunguo ameufunga kwenye mnyororo wa saa yake.

Kamati ilikutana Ijumaa, tarehe ishirini na mbili. Walikuwa wameandika karatasi inayosema nimechukua pampu tatu, wakanitaka nitie sahihi. Nilishika kalamu. Nadhani ningetia sahihi kwa haya tu, ili wasiendelee kunitazama. Lakini nilikumbuka sauti yangu ikisoma barua yako, nikaona kwamba kama niliweza kusoma yale mbele ya Baba, hakuna nisichoweza.

Niliweka kalamu, nikaenda nyuma ya mbolea, nikayavuta yale magunia mpaka katikati ya chumba. Nikapanga vitu sakafuni mbele ya viatu vyao. Matangi matatu. Fimbo tatu. Vichwa vitano. Mikanda minne. Kisha nikafungua kitabu cha nyimbo nikaweka kila kadi kando ya vitu vyake. Kadi ya mipira niliiweka peke yake, kwa kuwa mipira yote mitatu iliuzwa. Ndipo nikasema, na huenda ni sentensi ndefu kuliko zote nilizowahi kusema mbele ya wanaume: "Risiti za mipira mitatu, kichwa kimoja na mikanda miwili ziko katika kitabu cha Bwana Jethro, kwa mwandiko wake."

Zikaletwa. Vitu vilivyo sakafuni na vile vilivyo kwenye risiti vilitimiza maboksi matatu, bila kupungua hata mkanda mmoja.

Unadhani waliniomba msamaha? Mzee Obadiah alikuna kidevu akasema, "Kumbe mali ipo. Basi mambo yameisha. Msichana, tutilie chai." Bwana Jethro hakukaripiwa. Walisema alikuwa na huruma kwa wakulima. Ni kweli alikuwa nayo. Kwangu ndipo ilipokwisha. Kesho yake kanisani alinipa mkono, akatabasamu, akasema, "Mambo ya kazi hayo, mama." Mikono yangu niliiacha imeshika kitabu.

Chai niliwatilia. Ninajichukia kwa hilo hadi leo.

Kazini nimerudi. Kadi zangu tano nimezitundika kwenye msumari mahali ambapo kila mtu anaziona. Jumatano mkulima alitaka mpira. Bwana Jethro alishika kisu, akanitazama, nikachukua kalamu kwanza. Alingoja niandike ndipo akakata.

Lakini sikukuandikia kwa ajili ya stoo. Stoo nimeimaliza mwenyewe. Nilipotoka kwenye kamati ile nilikuja mbio mpaka nyumbani nikamweleza Baba yote. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Hayo ni maneno ya kamati. Dada yangu ni mkubwa wangu. Hawezi kushika kalamu akaandika neno bila sababu." Kufuli bado lipo. Asubuhi ya leo Mama aliomba kikombe cha wageni, na Baba aliinuka mwenyewe kwenda kufungua. Mimi ndiye niliyekuwa nimesimama karibu zaidi na kabati.

Shangazi, wewe ndiye uliyenilipia karo nilipokaribia kurudishwa nyumbani. Ulinishonea sketi ya kwanza ya shule. Ndiyo sababu neno lako lina uzito hapa kuliko la Mzee Obadiah na kamati yake nzima. Ulilitumia neno hilo bila kuniuliza hata kwa mstari mmoja. Anwani yangu unayo.

Sikuombi zawadi, wala usinitumie kitambaa kama ufanyavyo ukitaka kunibembeleza. Nakutaka uandike barua nyingine kwa Baba. Mjomba Walter akuelezee habari ya paketi ya viberiti kama hukuelewa. Usiiandike kwangu, andika kwake, na utaje pampu, na kitanda, na jina langu. Wala usimwambie amtafute mtu mwingine wa kumsomea. Nitamsomea mimi, kwa sauti, Mama akiwepo, kama nilivyosoma ile ya kwanza.

Baba na Mama wanawasalimu sana, wao hawajui kwamba nimeandika. Msalimie Mjomba Walter, na umwambie alifundisha vizuri. Mbusu Esnah, na Cleophas umwambie ndama nimempa jina lake ingawa ni jike. Mungu awalinde katika joto la huko na awape usingizi mwema.

Ni mimi mtoto wako, ninayekupenda hata ninapokasirika,

Bochaberi Omwenga