Wiki Niliyokataa Kuitwa Mama

Jumapili, 31 Agosti 2025

Kesho kutwa naanza chuo. Mimi! Miaka hamsini na tatu, magoti yanalia nikipanda ngazi, na bado wamenichukua. Shahada ya uzamili, elimu ya watu wazima. Ngoja niandike tena niione vizuri: shahada ya uzamili.

Leo baada ya misa ya Kiswahili akina mama wamenizunguka. Hongera Mama Sara! Mama Sara unatuwakilisha! Nimeshukuru, nimekumbatiwa, nimelishwa maandazi. Njiani nikajiuliza — ni nani kati yao anayelijua jina langu? Kanisani ni Mama Sara. Kwenye jengo letu hapa ugenini, mtaa wa Dixon, ni Mama Sara. Silvanus, mume wangu mwenyewe, ananiita Mama Sara tangu mtoto azaliwe. Kazini Malton, kwenye ghala la mizigo, wamenikata wakabakiza "Leo". Jina zima nimekutana nalo kwenye barua ya chuo. Leokadia Kokugonza. Niliposoma nilisikia raha, nikasoma tena kwa sauti.

Tatizo dogo. Sara yuko chuo hicho hicho, mwaka wa pili, afya ya jamii. Sikumfuata! Masomo ya jioni yako huko, ningefanyaje. Lakini sitaki mtu aseme nimebebwa na mtoto. Kwa hiyo jioni hii nimemweka kitako. Tukivuka lango la chuo mimi si mama yako, nimemwambia. Niite Leokadia kama watu wote. Yeye anatumia jina la baba yake, mimi la kwetu Bukoba, hakuna atakayejua. Kacheka. Kaona sicheki. "Mama, that's so weird." Halafu — okay, fine.

Tumepeana mikono. Mkataba.

Jumanne, 2 Septemba

Nimeanza! Nimeanza! Nimeanza!

Gauni la kitenge la bluu, lile la Pasaka. Silvanus katoka shifti ya usiku uwanja wa ndege, kakataa kulala mpaka anipige picha mlangoni na begi langu mgongoni kama mtoto wa darasa la kwanza. Nimejifanya nakasirika. Kwenye basi mimi na Sara tumekaa viti tofauti, amri yangu.

Chuo kidogo, matofali mekundu, ngazi zisizoisha na lifti hakuna. Ukutani pale mlangoni kuna visanduku vya barua, kila mwanafunzi na chake. Changu kimeandikwa L. KOKUGONZA. Kitupu. Nimekifungua, nimekifunga, nimekifungua tena. Mhudumu wa mlangoni kauliza kama kuna kitu nimepoteza. Hapana, nimepata!

Halafu ukumbini — anayekaribisha wageni ni nani? Sara! Hakuniambia. Kashika maikrofoni, anachekesha watu, anajibu maswali bila kusoma popote, maprofesa wenye mvi wanaitikia kwa vichwa. Mtoto niliyembeba mgongoni kwenye theluji ya Januari kwenda kliniki. Nilitaka kumgeukia jirani nimwambie, unamwona yule? Yule ni wangu! Nikameza. Nilijifunga mwenyewe.

Jirani yangu ni Déo, Mkongo wa Goma, kijana mrefu, mpole. Kusikia lafudhi yangu tu: "Mama, uko Mtanzania?" Nikamwambia hapa mimi ni Leokadia. Akashtuka kana kwamba nimemwambia avue viatu. "Non, non, mama. Ile siwezi. Kwetu watanichapa."

Basi ikawa mama, mama, siku nzima. Mama keti hapa. Mama umepata chai? Baada ya chai mikono yangu ikainuka yenyewe kukusanya vikombe — jamani, miaka yote ya harusi na misiba — Déo akaninyang'anya sinia. Ikala, keti, mama, mimi nitabeba! Ukumbi mzima umesikia. Nainua macho, Sara amesimama mlangoni anatuangalia.

Maana yeye hajaniita kitu chochote leo. Namjua mtoto wangu. Tangu mchanga, akitaka kusema mama, midomo inabana kwanza kabla sauti haijatoka. Leo nimeiona inabana mara nyingi tu, halafu anakumbuka, anaiachia: "Excuse me." Mara moja kanigusa bega kwa kalamu.

Jioni, kipindi cha kwanza. Profesa kasema tumwite kwa jina lake la kwanza. Mimi? Nimemwita Profesa, atazoea. Kauliza kila mmoja kilichomleta. Nimesema nilifundisha shule Bukoba, na huku nimewafundisha wanawake wenzangu kusoma barua za serikali, wengine walishika upesi na wengine walikata tamaa, na sijui kwa nini. Nimekuja kujua kwa nini. Sauti haikutetemeka. Kaniambia hilo ni swali la kuandikia tasnifu. Tasnifu! Nimeshuka zile ngazi bila kusikia magoti.

Wakati wa kurudi Sara kavunja amri ya viti, kakaa kando yangu. Kauliza polepole, so he gets to, and I don't? Nikamwambia Déo kuniita mama ni adabu yake, wewe una mkataba. Kaziba masikio kwa muziki mpaka tumeshuka.

Jumatano, 3 Septemba

Kadi ya mwanafunzi imetoka. Picha mbaya, jina zuri. Nimeiweka mbele ya leseni ya gari.

Silvanus kanionea wivu, naye kajaribu mezani: "Leokadia, nipe chumvi." Tukacheka mpaka machozi. Mara ya mwisho kulitamka ilikuwa mbele ya padri! Kasema halimtoki vizuri. Sara hakucheka. Kala haraka, kaondoka na sahani yake.

Alhamisi, 4 Septemba

Kesho ni chakula cha jioni cha kutupokea sisi wapya. Desturi ya chuo — mwanafunzi wa zamani anasimama mbele ya wote, anamtaja mgeni wake, anasema machache juu yake, anamvika joho. Joho! Na wamewapanga watu kwa mitaa wanakoishi, ili kila mgeni apate wa kurudi naye nyumbani. Jambo zuri sana.

Na mimi nimepangiwa nani? Nilifikiria kila kitu, majina, viti, hata salamu. Sikufikiria anwani! Mtu wangu ni Sara Silvanus wa Dixon. Nimecheka peke yangu pale koridoni. Halafu nikaacha kucheka.

Usiku huu alikuwa anaosha vyombo. Kaniuliza bila kugeuka, na kauliza kwa Kiswahili — yeye anayenijibu Kiingereza hata nikiuliza funguo ziko wapi. "Kesho nikuite nani?"

Mlango wazi kabisa huo. Na mimi nikasema: tulivyokubaliana.

Domo langu hili!

Baadaye nimepita mbele ya bafu. Bomba linatiririka, yeye ndani anafanya mazoezi. Leokadia. Mwanzoni lilikuwa linamkwama katikati. Leokadia. Leokadia Kokugonza. Mwishoni likawa linatoka safi, limenyooka, kama anamtaja mtu aliyekutana naye wiki hii. Si ndilo nililolitaka? Ndilo. Nimesimama pale na taulo mkononi na moyo unaniuma, kwa kweli unaniuma.

Kulitaka jina langu sikukosea. Hilo bado nalisema. Ila sikujua nitaumia kulisikia kwake.

Ijumaa, 5 Septemba

Naandika hapa hapa mezani, daftari juu ya mapaja. Déo anadhani naandika anayosema mkuu wa chuo. Ukumbi umejaa. Mishumaa. Uma tatu kwa mtu mmoja, sijui ya tatu ni ya nini, nimemwangalia Déo, naye ananiangalia mimi.

Kwenye basi nilitaka kumwambia Sara. Niliandaa kabisa: mwanangu, tuache ule mchezo. Lakini alikuwa amegeukia dirishani anarudia maneno yake kimya kimya, na mimi kiburi kikanishika, nikasema tu avae koti, kuna baridi.

Wanaitwa meza kwa meza. Déo kashavikwa. Kapendeza! Nimepiga vigelegele kabla sijajizuia. Watu wamegeuka, wakacheka, wakapiga makofi. Sara alikuwa kule mbele, na yeye kacheka. Kicheko cha kwanza wiki nzima.

Kwenye meza yetu nimebaki mimi.

Anapanda jukwaani. Kavaa hereni zangu, sikumwona akizichukua. Joho langu liko mkononi mwake, alilipiga pasi asubuhi sebuleni, mikunjo yote imekwisha. Jinsi alivyosimama! Hata kama atasema lolote, sitaacha kumwonea fahari yule mtoto.

Kapewa maikrofoni. Leo hachekeshi mtu.

Ana karatasi. Kaitazama. Kaikunja, kaiweka mfukoni.

Ananitafuta. Huku, mwanangu, huku, karibu na nguzo. Ameniona.

Nataka kupaza sauti kwamba mkataba umekufa, na ukumbi wote umenyamaza, na mimi nimekwishasimama nusu, daftari linateleza. Déo kanishika kiwiko. Hajaita bado.

Midomo yake imebana.