Wiki Sita Bila Kubeba Kitu

Manika, Kolwezi, tarehe 3 mars 1993

Kwa dada yangu Mama Tshibola,

Jambo sana. Unaamka namna gani? Kidonda kinakauka? Mi niko muzima, lakini kukaa bure kunaniua. Tangu tutoke ku lopitalo nakukumbuka. Kitandani kule ulikuwa unanichekesha mupaka nashika tumbo, masista banatugombeza eti nyuzi zitakatika.

Hapa nimekuwa malkia. Munganga alisema wiki sita: hakuna ndoo, hakuna kutwanga majani ya sombe, hakuna kuchutama ku moto wa mbabula. Basi bwana yangu Polycarpe ndiye anachota mayi! Anapita nyuma ya nyumba ili benzake basimuone. Bukari yake ya jana, ugali gani ule, ilikuwa na mabonge sawa mawe. Tulikula vile vile.

Miaka yote kizazi kilikuwa kinashuka na mi nabeba tu. Sasa basi. Nitapona, hata nyumba ianguke. Na wewe uniahidi vile vile.

Dada yako wa kitanda cha pembeni,
Numbi

Kapata, tarehe 9 mars 1993

Dada Numbi,

Jambo yako imefika, asante. Polycarpe na ndoo! Kama si kidonda, ningetoka Kapata kwa miguu nije kuona.

Nakuahidi. Hata sufuria sijainua, binti yangu Mushiya anafanya yote. Majirani banasema mi muvivu. Baseme. Naanzia wapi kubaelezea kitu kilichokuwa kinatoka mu mwili yangu tangu huyu Mushiya azaliwe?

Lakini dada, roho inaniuma. Jana bavijana balipita nyumba kwa nyumba: batu bote ba asili ya Kasai, sawa sisi, batoke. Banatuita bilulu, wadudu! Mi niliyezaliwa hapa Kapata! Mi ambaye bwana yangu, marehemu Kabeya, aliacha mapafu yake mu mugodi! Baliniambia: "Mama, mupaka Siku ya Mungu. Beba unachoweza, uende ku gare, upande treni." Nikacheka mupaka machozi. Kubeba? Munganga alinikataza!

Nitaenda, kwa kuwa bamechoma nyumba ya tatu kutoka hapa. Lakini sibebi kitu. Afadhali baibe yote kuliko nirudie ugonjwa ule.

Uniambie bila kunificha: Polycarpe anaenda mu mikutano yabo? Mushiya anasema alimuona.

Dada yako,
Tshibola

Manika, tarehe 11 mars 1993

Dada yangu mupenzi,

Jambo. Sikuulizi kama umelala, najua haukulala. Nimesoma nikalia, kisha hasira ikanipanda.

Ndiyo, anaenda. Na anaimba. Jana aliporudi nikamuuliza: "Ule mwanamuke aliyenishika mukono homa ikitaka kuniua, ni bilulu?" Nikamwambia atakubebea bitu byako mupaka gare. Akasema, "Batu bataniona." Nikamujibu: "Bamekwisha kukuona na ndoo, utakufa na haya mara ngapi?" Akatoka nje, akakaa sana. Aliporudi aliuliza kama matela yako ya kulalia ni ya mutu mumoja ao ya babili.

Siku ya Mungu, mbele ya misa, atafika na pusupusu ya jirani, atasukuma bitu byako. Mi nitakuja nyuma, mikono mitupu. Usiguse kitu!

Numbi, dada yako

Mwene-Ditu, Kasai, tarehe 20 avril 1993

Dada Numbi,

Jambo sana, na jambo kwa Polycarpe. Mi niko hai. Tulilala ku gare kule inje, kwa mvua, mupaka treni ikafika siku ile muliporudi kutuangalia. Njiani batoto babili ba mu wagon yetu balikufa. Tulibazika Kamina. Siwezi kuandika zaidi juu ya ile.

Munganga wa parokia aliniangalia. Nyuzi zimeshika! Alishangaa, mi sikushangaa. Niliapa.

Lakini kuko neno linaninyima usingizi. Wagon ilikuwa ya mizigo, mulango juu kifuani, hakuna ngazi. Mushiya alikuwa ndani ananivuta mikono, na mi nikaning'inia pale. Mara mutu akaweka bega chini yangu, akaniinua muzima-muzima. Nikasema moyoni, asante Polycarpe. Kugeuka, namuona Polycarpe mbali, na matela yangu kichwani. Na wewe ulikuwa umeegemea wagon, umeshika tumbo.

Numbi, uliniahidi. Niambie haikuwa wewe.

Tshibola wako

Lopitalo, Kolwezi, tarehe 24 mai 1993

Dada Tshibola,

Jambo sana. Nyuzi zako zimeshika, nilipiga vigelegele hapa kitandani mupaka sista akakimbia kuja.

Zangu hazikushika. Ilikuwa mi, ndiyo. Banasema batanipasua upya, lakini tunangoja, kwa kuwa munganga wetu alikuwa mutu wa kwenu Kasai, na yeye alipanda treni. Huyu mupya alinifokea: "Mama, wiki sita tu! Ulibeba nini?" Nikasema, mutu. "Mutoto?" Hapana, nikasema, mukubwa, munene, mwenye kupenda kula. Cheka kidogo, dada.

Usilie na usiombe musamaha. Treni ilikuwa imelia, bavijana balikuwa na fimbo nyuma yetu, na ungeanguka ungekatika wewe. Nilikumbuka munganga vizuri sana. Nikaweka bega.

Nitapona hii mara ya pili, utaona. Nitakaa wiki zote sita bila kuinua hata kikombe. Ku gare hakuna tena mutu wangu wa kupandisha.

Dada yako,
Numbi