Ziwa Limefika Jikoni Kwako

Shangazi,

Shikamoo. Najua marehemu haamkiwi, lakini wewe ndiye uliyenizaba kofi pale sokoni Mwanga kwa kumpita mtu mzima bila kumwamkia. Siwezi kuanza vingine.

Nina habari mbili na zote utazichukia. Ya kwanza, ziwa limeingia jikoni kwako. Tangu tukuzike mvua zimepiga masika mawili mfululizo, maji yakapanda kidogo kidogo mpaka mafiga yako yakazama. Choo kilikwenda siku nyingi. Friza lako, lile la barafu lililonisomesha, nimelihamishia chumba cha mbele na kulipandisha juu ya matofali. Bado linagandisha, na bado linanguruma. Habari ya pili nitaifikia. Ngoja kwanza nikueleze nilivyojiaibisha, maana hiyo najua utaipenda.

Unakumbuka nilivyokuwa nikijigamba kwamba iko siku nitawaeleza watu wa Ujiji kinachoipata dunia? Ulikuwa unacheka: "Weye Tatu, wanafunzi wako wa Gungu wenyewe wameshakuelewa?" Basi siku ilifika. Mwenyekiti wa mtaa aliniita kwa sababu watu wa ufukweni walikuwa hawaelewi waamini lipi. Walisikia redioni kwamba barafu ya ncha za dunia inayeyuka, wakatazama nyumba zao zilizozama, wakaunganisha wenyewe: barafu imeyeyuka kule, maji yamefika huku. Na mimi mwalimu wa sayansi, Shangazi, niliona wameunganisha vizuri tu. Nilifurahi hata kuona watu wanazungumza habari za tabianchi.

Nikaenda na mbwembwe zote. Nilibeba barafu kutoka kwenye friza lako, jagi la kioo na meza ya kuazima. Nikajaza maji mpaka ukingoni, vipande vya barafu vikielea juu, nikatangaza kwa sauti ya darasani: barafu hizi zikiyeyuka maji yatamwagika, na ndivyo barafu ya ncha za dunia inavyotuzamisha. Tukasubiri. Jua la saa sita, kina mama wamejitanda kanga vichwani, macho yote kwenye jagi. Barafu zikaisha. Halikumwagika hata tone.

Kicheko kilichotoka pale sijui kama hakikukufikia huko uliko. Wavuvi walishikana mabega. Kilipotulia akasimama Mama Shabani, shoga yako uliyekuwa ukianika naye dagaa, ambaye ukuta wake wa nyuma ulibebwa na mawimbi. Yeye hakucheka.

"Mwalimu, barafu imeshindwa kumwaga jagi, leo ndiyo imwangushie Mama Shabani ukuta? Maji yalikuja yenyewe, yatarudi yenyewe. Mimi tofali nimeshaagiza. Najenga palepale."

Nilirudi nyumbani nimefura. Niliwakasirikia wao kwanza, halafu jagi, na mwisho nikabaki na mtu wa kumkasirikia mmoja tu. Nikaenda kufungua friza kurudisha barafu zilizobaki, na hapo nikakukumbuka na juisi yako ya ukwaju. Nilikuwa na miaka tisa, ninakusaidia kuuza nje ya geti la shule, na kila kikombe nilikuwa naacha nafasi juu nikiogopa barafu ikiyeyuka juisi itamwagika. Ukanifokea mbele ya watoto wenzangu: "Jaza! Barafu iliyo ndani ya kikombe haimwagi kikombe. Unawapunja watoto wa watu." Miaka yote hiyo, na cheti cha ualimu juu, nikawa nimesahau alichonifundisha mwanamke aliyeishia darasa la nne. Nililia kidogo, halafu nikacheka, halafu nikatafuta jagi la pili.

Wiki iliyofuata sikutaka kwenda. Nilikwenda. Nikaanza hivi: "Mara ile niliwaambia uongo, bila kukusudia, lakini ni uongo." Safari hii niliweka majagi mawili. La kwanza kama lile la mwanzo. La pili nilitia jiwe refu lililochomoza juu ya maji, nikajaza mpaka ukingoni, na barafu nikailaza juu ya jiwe. Jagi la kwanza lilikaa kimya kama lilivyokaa. La pili likamwagika, meza ikalowa, na mtoto mmoja akapiga makofi.

Nikawaeleza polepole. Barafu inayoelea baharini imeshajichukulia nafasi yake majini, kama ile ya kikombeni. Inayopandisha bahari ni iliyolala juu ya nchi kavu, nene kuliko kilima chochote cha Kigoma, ambayo sasa inateremkia baharini. Bahari yenyewe nayo inatanuka kwa kupata moto. Lakini maji hayo hayaji kwetu. Ziwa letu liko juu mno kuliko bahari. Watakaolia kwa hayo ni wenzetu wa pwani. Sisi tumeletewa na mvua. Malagarasi umejaa, mito ya Burundi na Kongo imejaa, na maji yana mlango mmoja tu wa kutokea. Kinachotuunganisha na barafu ile ni joto. Joto linaloiyeyusha ndilo linaloifanya hewa ibebe maji mengi, na hewa ikiyashusha inayashusha kwa pupa.

Mzee mmoja akasema ujanani mwake aliliona ziwa likipanda hivi hivi, na likashuka. Nikamjibu ni kweli, Mzee, na siwezi kuapa kwamba kila tone la safari hii limeletwa na joto hilo. Ninachoweza kusema ni kwamba mvua za namna hii tuzitarajie zaidi, na pale ziwa lilipofika leo litafika tena hata likirudi nyuma.

Mama Shabani akasimama. "Leo nimekuelewa. Kwa hiyo nisijenge palepale?"

"Usijenge, mama."

"Na ile nyumba ya shangazi yako mbona juzi umeipaka chokaa?"

Shangazi, wewe unalijua jibu. Siku ile hospitalini ulinishika mkono ukasema, "Mwana wanje, mwanangu, nyumba yangu usiiache," na mimi nikaapa. Ndiyo maana nimekuwa nikijaza viroba vya mchanga mlangoni kila Jumamosi, huku Jumapili nawaambia majirani wahame. Mama Shabani alikuwa ananiona kila nikipita na koleo. Angenisikilizaje?

Basi habari ya pili ni hii. Kesho tunaiezua nyumba yako. Mabati, milango, fremu za madirisha, na matofali yatakayotoka mazima, vyote vinakwenda Gungu, mbali na maji, kwenye kiwanja changu, na nimeshazungumza na fundi. Sitakuambia kwamba nyumba ni watu wala si kuta. Wewe ulijua kila tofali lilitoka kwenye barafu aliyonunua nani, ungenitukana. Navunja kiapo changu, naumia, naumia sana, na nimeona nikuambie mwenyewe. Nisamehe ukiweza. Ukishindwa, nitakuja kuelewana nawe siku yangu ikifika.

Leo mchana Mama Shabani amepita. Tofali zake zimefika, guta limesimama barabarani na dereva analalamika. Amemwambia asishushe hata moja. Akaniuliza tunaanza saa ngapi. Nikamwambia saa moja asubuhi. "Nitakuja kutazama," akasema. "Maneno nimeshasikia."

Kwaheri, Shangazi. Mungu akupe mahali pakavu. Nakuahidi sitaacha kuwaeleza, kwa jagi, kwa jiwe, kwa chochote nitakachopata, na nikikosea nitarudi pale pale kusema nimekosea. Kesho fundi atashika ngazi tu. Nitapanda mimi, na bati la kwanza nitaling'oa kwa mkono wangu, Mama Shabani akinitazama.

Mwanao,
Tatu