Yaya Ngalula, poda yako tumeifungua

Mwaka mzima umekwisha, Yaya Ngalula, dada yangu mkubwa, tangu ile asubuhi ya baridi ya mwezi wa nane ulipotutoka hapa nyumbani Kolwezi, mikononi mwa Mama, kwa homa ambayo sisi wote tulidhani ni ya kupita. Ulikuwa umebakiza mwaka mmoja tu wa masomo ya chuo kikuu ku campus ya Lubumbashi. Mwaka huo umepita bila wewe. Mimi mdogo wako Kanku ninaandika kwa niaba ya wote, tukuambie mwaka huo ulivyopita.

Tuanze na chupa zako. Kila likizo ulikuwa unashuka mpaka Nzilo kuchota maji ya mto Lualaba ya kupima kwa kazi yako ya kumaliza masomo, halafu unapanga chupa dirishani, kila moja na karatasi yake. Siku moja Mama alimimina moja ndani ya sufuria ya sombe, majani ya muhogo. Haukukasirika. Ulikula ile sombe mpaka mwisho, ukasema sasa kazi yako imekuingia tumboni, walimu wakuulize huko.

Ulikuwa mtu wa kusoma ukitembea. Kiwanja kizima, ukiruka mabeseni ya nguo, kitabu mkononi, mtoto wangu Ngoy mgongoni, ili mimi nipate kuandika kazi zangu za masomo ya jioni. Ukiniona ninafuta na kufuta tena, ulisema, "Kanku, mutoto analia juu ya algèbre yako."

Kile kikundi chenu cha campus, ambamo walimu waliwakusanya wenye kufaulu sana na kuwapa kazi kupita wengine, hakikutawanyika. Waligawana chupa zako na kuimaliza kazi yako. Asia, mtoto wa Tata Swedi, yule baba mwenye malori, uliyekuwa unalala naye chumba kimoja, ndiye aliyeisoma mbele ya walimu. Alitaja jina lako kwanza, kisha akajibu maswali. Swali moja lilimshinda, akasema hilo Ngalula peke yake angelijua. Mwalimu akainamisha kichwa, hakuuliza lingine.

Na Mbayo, yule mliyekuwa mnamcheka kwa kofia ya chuma kubwa kuliko kichwa chake mliposhuka mashimo ya mgodi wa Mashamba, amepata grande distinction, alama za juu. Siku majina yaliposomwa, kila familia ilimwagia mtoto wake poda ya furaha kichwani mpaka ukumbi ukawa kama kinu cha unga. Watu wa kikundi chako walitoka vichwa vyeusi. Walikataa. Walitutumia neno kwa mkono wa dereva wa Tata Swedi kwamba poda yao iko Kolwezi, watakuja kilio chako cha mwaka kikiisha.

Ilikuwa ile yako, Yaya. Lile kopo kubwa ulilonunua Dilolo, mlipokwenda na treni kutazama mpaka wa nchi. Uliliweka juu ya kabati, ukatuambia, "Hii iko ya kichwa yangu. Mutu asiguse." Baada ya kukuzika Mama alilisukuma chini ya kitanda chake. Siku ile ile alisema hakuna mtoto wake mwingine atakayekanyaga campus. "Ile masomo ndiyo ilinikamatia mutoto." Tata, baba yetu, alitoka nje.

Mwezi uliopita redio ilisoma jina langu kati ya waliofaulu Examen d'État, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari. Mama mkubwa Tshibola akasahau kabisa kwamba tuko ndani ya kilio, na nyumba yenye kilio haimwagi kitu cheupe juu ya kichwa cha mtu. Alikimbia jikoni, akarudi na sahani ya unga wa muhogo, akanimwagia yote. Jirani alianza kigelegele, kikamkatikia mdomoni. Mama alinishika mkono mpaka kwenye bomba, akaniosha nywele yeye mwenyewe kama mtoto. Alisema tu, "Kilio haiyaisha." Jioni mume wangu alisema kwamba pale bombani aliona ugali unapikwa bila moto. Nilicheka, kisha sikuweza kukaa.

Tangu hapo sikutulia, Yaya. Nilikuwa ninafunga valise, sanduku langu la safari, ninaifungua. Ninatoka mpaka njiani, ninarudi, ninasahau nilifuata nini. Masomo ya campus yanaanza mwezi wa kumi. Asia amebaki huko kusaidia walimu, na chumbani mwake nafasi yangu ipo. Mume wangu alikubali. Tata alikubali kwa namna yake, alinunua kufuli ya valise. Lakini Ngoy ni mdogo, na bila neno la Mama nitamwacha na nani? Nitaondokaje na machozi ya Mama nyuma yangu? Niliogopa kuuliza, kwa sababu jibu lake nililijua.

Jumamosi tulitoa kilio, tukamaliza maombolezo yako. Mama alivua nguo nyeusi. Wenzako walishuka kwenye lori wamejaa vumbi jekundu. Mbayo alipiga magoti mbele ya Mama.

"Mama, tulikuya juu ya ile kopo."

Mama aligeuka. Aliingia ndani, tukasikia kitanda kinavutwa. Alitoka nalo kifuani. Kifuniko kilikuwa kimekaza, Mbayo akanyoosha mkono, Mama akamkatalia, akakibandua na kijiko. Alimmwagia Mbayo, alimmwagia Asia, akawapitia wote, na juu ya kila kichwa alitaja jina lako.

Mimi nilikuwa nyuma ya jiko na Ngoy.

"Kanku, kuya."

Nilikuja. Alinimwagia, poda ikaniingia machoni. Kisha alifunga kopo, likiwa bado nusu. Asia akamwambia amalize tu.

"Hapana. Hii ingine iko ya siku Kanku atarudia na diplome. Ngoy atabakia na mi."

Mama mkubwa Tshibola akapiga kigelegele, na safari hii kikafika mwisho.

Leo valise imefungwa na sijaifungua. Kopo limerudi juu ya kabati, pale ulipoliweka wewe, na Ngoy analinyooshea kidole siku nzima. Bibi yake anamwambia, bado.

Wanaokukumbuka ni Tata Séraphin na Mama Ernestine, wazazi wako; Mama mkubwa Tshibola; mimi Kanku, mume wangu na Ngoy wako; Asia, Mbayo na kikundi chote.

Jina lako tutalitaja kila poda itakapomwagwa nyumbani mwetu.