Mkono Wangu Ulivyoinuka Thika

Jumapili, alasiri. Ruiru haijaona jua tangu Jumatano. Nguo nilizofua juzi bado zinachuruzika kwenye kamba, na mimi nimekaa hapa na sweta mbili na kikombe cha chai nilichokiacha kikapoa. Sina hamu ya chai. Nina haya.

Niandike haraka kabla sijajipatia sababu za kutoandika.

Jana mchana tulienda Thika, walimu sita wa shule yetu, kutazama mchezo wa kuigiza. Kikundi ni cha kanisa, watu wazima wenye kazi zao, na mchezo wameutunga wenyewe. Kijiji kimekosa mvua, mahindi ya kila mtu yamekauka isipokuwa ya mjane mmoja, na chifu anamwita mjane huyo barazani ajibu mashtaka ya uchawi. Mjane aliigizwa na Mama Mueni, mpishi wa shule yetu. Ndiyo maana tulienda. Nafasi hiyo alipewa mwezi wa nne, wakati hakuna aliyekuwa na neno naye.

Sasa maneno yapo.

Wiki mbili zilizopita Mama Mueni alibishana na naibu wa mwalimu mkuu kuhusu chai ya saa nne. Naibu alisema ni baridi, naye Mama Mueni akamjibu mbele ya watu kwamba chai humpolea anayechelewa. Kesho yake naibu aliamka bila sauti. Huu ni mwezi wa saba, nusu ya darasa langu inapiga chafya, lakini sauti ya naibu ndiyo iliyorogwa! Mtu akakumbuka kwamba Mama Mueni huweka kitambaa kilichopigwa fundo kwenye mfuko wa aproni. Mwingine akakumbuka kwamba ametoka upande wa Matuu. Hapa kwetu hilo peke yake linatosha kuanzisha mzaha wa kamuti, ile dawa ya kurogea ambayo kila mtu ameisikia na hakuna aliyeiona. Uliingia chumba cha walimu ukiwa mzaha, ukatoka ukiwa ajenda.

Alhamisi mwalimu mkuu alituita. Hakutaja uchawi, yeye ni mtu aliyesoma. Aliuliza tu ni nani hana amani na mpishi, ainue mkono. Naibu aliinua wa kwanza, akaongeza kwa ile sauti ya kukwaruza iliyombakia kwamba lisemwalo lipo. Methali hiyo mimi ndiye niliyewafundisha darasa la nne mwezi jana. Mikono ikapanda mmoja mmoja. Wangu ulipanda nusu, kiwiko kikiwa mezani, mkono wa mtu anayetaka kuhesabiwa lakini asionekane. Ulihesabiwa. Uamuzi kama Mama Mueni atabaki au ataenda ni kesho asubuhi, kabla ya paredi.

Na hapa ndipo haya yangu ilipo. Mimi najua kilichomo kwenye kile kitambaa.

Ni tangawizi iliyokaushwa, iliki na maganda ya ndimu, vimetwangwa pamoja. Mwezi wa sita nilikohoa mpaka wanafunzi wakanihurumia. Mama Mueni akaniita jikoni, akakifungua kitambaa mbele ya macho yangu, akanitilia kijiko kwenye maji moto. Nilikunywa siku nne, nikapona, na siku ya nne akanifungia kidogo kwenye karatasi nibaki nayo nyumbani.

Alhamisi sikusema hata neno. Naibu ndiye anayepanga ratiba, ndiye anayeandika ripoti yangu ya mwisho wa mwaka, na mimi bado niko kwenye mkataba wa muda. Niliogopa, na nilichoogopa si uchawi.

Turudi Thika. Nilidhani Mama Mueni hatapanda jukwaani. Mimi nisingepanda. Mtu ananong'onwa kazini kwamba anaroga, halafu Jumamosi ajifunge leso asimame mbele ya wanong'onaji wale wale, ashtakiwe tena? Alipanda. Alitembea mpaka katikati kwa mwendo ule ule anaobebea sufuria ya uji, bila haraka, macho mbele.

Chifu naye alinitia baridi juu ya baridi. Aliyemwigiza ni kinyozi wa mtaa wa Kiuu, jamaa mwembamba, na nilitarajia afoke. Hakufoka hata mara moja. Alisema nasi kwa upole wa kinyozi anayekuuliza kama nyuma apunguze kidogo, na kadiri alivyoshusha sauti ndivyo wanakijiji walivyozidi kutetemeka. Nilimpigia makofi moyoni. Kumbe chifu hakuwa na nguvu yake mwenyewe. Alikuwa na hofu za watu tu, na walikuwa wakimletea wenyewe, kila mmoja na yake.

Katikati ya kesi alishuka jukwaani na kipaza sauti, akatukabili sisi watazamaji.

"Yeyote anayejua mama huyu ni mchawi, ainue mkono."

Sasa, ukumbi ulikuwa umejaa watu wa kanisa. Na sisi watu wa kanisa, mwenye kipaza sauti akisema tuinue mkono, tunainua kwanza, halafu ndiyo tunauliza ni wa nini. Mikono ilipanda safu nzima. Kuna waliofumba na macho. Nilitaka kucheka, nikageuka nimwonyeshe mwenzangu, ndipo nikauona mkono wangu uko juu.

Huu haukuwa nusu. Ulikuwa umenyooka.

Mama Mueni alikuwa akinitazama.

Shosho mmoja, bibi kizee wa safu ya mbele, mwenye kitambaa cheupe kichwani, ndiye aliyetuokoa. "Mimi sijui kama ni mchawi," alisema kwa nguvu. "Na nyinyi mmejulia wapi? Hebu shusheni hiyo mikono!" Watu wakacheka, mikono ikashuka kwa aibu. Natamani kujua nyumbani kwake nimpelekee sukari.

Kisha chifu akatoa ofa yake. Mama ataje mtu mmoja tu aliyemfundisha uchawi, mmoja, kisha arudi nyumbani akawapikie watoto. Mama Mueni alinyamaza kwa muda mrefu. Halafu akasema, "Chifu, maji ya kuoshea vyombo namwaga shambani. Hiyo ndiyo dawa yangu. Na nikikupa jina la mwenzangu ndiyo niende, yeye utamwitisha la nani?"

Nililia. Sitajificha, nililia mbele ya wenzangu, na naamini sikuwa peke yangu.

Mchezo ulipoisha nilimfuata nyuma ya pazia. Nilitaka kuomba msamaha, lakini alinitangulia kwa kicheko. "Mwalimu, kumbe umekuja na hii baridi yote! Si umeona vile nilinyamaza pale mwisho? Maneno yalinitoka yote kichwani. Nikaona niseme tu yangu."

Maneno yale yalikuwa yake mwenyewe.

Kisha, akikunja leso, akaniambia kwamba Ijumaa mwalimu mkuu alimwita ofisini. Alimuuliza ni mwalimu gani mwingine amewahi kupewa kitu kutoka kwenye kile kitambaa. Akamjibu hajui wa kutaja.

"Lakini ungenitaja mimi," nilisema. "Ningeshuhudia kwamba ni tangawizi."

"Na wewe ungeanza kuulizwa ulikuwa unatafuta nini kwangu," alisema. "Uko na mkataba, Mwalimu. Wacha tu."

Kama anajua kuhusu Alhamisi, hakusema. Nilisimama pale na ule mkono, sijui niuweke wapi. Nimefanya kazi na watu wenye digrii mbili, na sijaona mwenye msimamo kama wa mama huyu. Kazi yenyewe inamponyoka, na bado analinda ya mtu aliyeinua mkono dhidi yake.

Kila asubuhi mimi huwaambia darasa la nne: ukiwa na neno, usipige kelele, inua mkono. Kesho, kabla mwalimu mkuu hajauliza lolote, nitainua wangu, na kiwiko hakitagusa meza. Nitasema ninachokijua, na kwamba Alhamisi nilikijua vilevile. Bado naogopa. Nilipoanza kuandika nilidhani hofu itapungua, haijapungua.

Ile karatasi ya tangawizi imebaki na vijiko kama viwili. Nimeitia kwenye mkoba, pamoja na chupa ya maji moto na vikombe viwili. Naibu bado hana sauti.

Nitakunywa mimi kwanza.