Mpunga Ule Ulikuwa Maharage

Kilole, Korogwe
14 Juni 2025

Mpendwa mpwa wangu Dorkasi,

Pokea salamu zetu sote wa Kilole. Vipi baridi ya Njombe, kifua kimepona? Sisi tu wazima. Bibi yako Filomena magoti yanamsumbua, ila mdomo bado mkali.

Muswada wa riwaya yako umefika, nimeumaliza kwa siku mbili. Mwanangu, unajua kuandika. Nilivyosoma jinsi babu yako Habakuki alivyotunga “Shuka ya Jumbe”, mchezo ambao kila shule inauigiza, nilimwona kabisa amekaa Bungu na daftari lake.

Uliniomba nikague ukweli wa mambo. Haya basi. Onyesho la kwanza kule Lutindi liliwashiwa karabai, umeme wako umewahi mno. Na wanawake wa Bungu umewaketisha wanapepeta mpunga! Kule mlimani ni maharage. Hapo umejionyesha mtoto wa bondeni.

Sasa ule ukurasa ambamo bibi anatunga maneno ya mke wa jumbe, yale ya mwisho yanayowainua watu vitini. Uliniambia umeubuni tu, na kama si kweli utaufuta. Nilishashika kalamu nyekundu. Mimi ndiye niliyesimama shule ngapi sijui, nikieleza kwamba baba yangu aliandika mchezo ule peke yake.

Bahati nzuri nilimsomea bibi kwanza. Akauliza, “Nani kamwambia huyu mtoto?”

Kumbe maneno yale ni yake. Aliwaigiza jumbe na mkewe ili wenzake wacheke wakichambua maharage, na baba akayaandika. Watu walipomsifu baba, hakumtaja mkewe, wala yeye hakudai. Nimeishi na mama yangu miaka yote hii bila kujua. Niliona aibu, Dorkasi, na machozi yalinitoka.

Wewe uliye mbali umebuni, ukaipata kweli ambayo mimi niliye naye nyumbani sikuijua. Nakuvulia kofia.

Shangazi Grace na Filemoni wanakusalimu sana. Mungu akutunze, na mkono wako usichoke.

Kabla sijafunga bahasha, bibi amenituma nikuandikie maneno yake kama alivyoyasema: “Asiufute. Ila aandike maharage.”

Ni mimi mjomba wako nikupendaye,
Julius